Shukrani Huenda kwa Miguu

Mwaka 1987 mjomba wangu aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili mimi nipate karo ya shule. Nilipopata kazi ya ukarani Mombasa sikumsahau. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, nilimpelekea fedha kila mwezi, nikidhani nimekwisha kushukuru.

Mwezi uliopita nilifika kwake Taita, nimechukua kikapu cha sukari na majani ya chai. Mzee akaniambia, "Mpwa wangu, fedha zako zote zilifika, wewe ndiwe hukufika." Niliinamisha kichwa kwa haya.

Nilipoaga, mkewe alinirudishia kikapu kimejaa ndizi. Ndugu wasomaji, kutoa ni moyo. Wazee wetu tusiwashukuru kwa simu peke yake.