Akina Bahati Niliwagawa Nusu kwa Nusu

Fishi zilikuwa 120. Fishi 41 nilizijaza kwa kuuliza watu. Zile 79 zilizobaki nilizijaza peke yangu, siku mbili, ndani ya chumba cha kukodi Kitchanga, mvua ikipiga mabati, nikiwa na thermos ya chai na kalamu za rangi tatu ili mwandiko usifanane. Fishi chache nilizikunja makusudi zionekane zimekaa mfukoni. Moja niliidondoshea chai. Niliona aibu kidogo kwa hiyo ya chai, lakini kwa uongo wenyewe sikuona.

Ilikuwa Machi 2011. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa graduat katika chuo kimoja cha Goma, mashariki ya Kongo, na TFC yangu, yaani kazi ya kumaliza masomo, ilihusu ushabiki wa soka huko Nyamitaba: mtu wa kijiji cha Masisi, ambaye hajawahi kukanyaga Lubumbashi wala Kinshasa, anaipata wapi timu yake? Swali lilikuwa zuri. Hata leo naliona zuri, ndiyo maana linaniuma.

Ningependa kusema vita ndiyo iliyonizuia. Kwetu sababu hiyo haikosi wa kuiamini. Lakini miezi ile njia ilikuwa wazi. Unatoka Goma, unapita Sake, unapanda vilima vya ng'ombe hadi Kilolirwe, unafika Kitchanga, kisha unaiacha barabara kubwa na kuelekea Nyamitaba. Kilichokuwepo ni matope. Motari alitaka pesa zaidi kila mvua iliponyesha, na mvua ilinyesha kila siku. Siku ya nne viatu vilikuwa vimekufa, na nilikuwa nimechoka kukaribishwa viazi na maharage na watu waliotaka kwanza kujua mimi ni mtoto wa nani kabla ya kuniambia wao ni wa timu gani. Nikashuka Kitchanga.

Sasa niseme nilivyofanya. Kapita mmoja, mkuu wa kijiji, alikuwa amenipa orodha ya wakuu wa nyumba, majina tu. Nikalitazama kila jina na kujiambia: huyu ni Muhunde, huyu ni Muhutu, huyu ni Mututsi. Kisha kila kabila nikalipa timu: Mazembe ya Lubumbashi, V.Club ya Kinshasa, DC Virunga au Kabasha za Goma. Sitaandika hapa ni timu gani niliipa kabila gani. Jedwali lile limeshafanya kazi ya kutosha. Kabila ambalo niliona lingeharibu mpangilio, nililipunguzia fishi. Na kwa kuwa Masisi imejaa akina Bahati, Safari na Furaha, majina ya Kiswahili ambayo hayasemi kitu juu ya kabila la mtu, nilikwama kidogo. Nikanywa chai. Halafu akina Bahati nikawagawa nusu kwa nusu.

Wazo lenyewe sikulitoa Nyamitaba. Nilikuwa nimesoma vitabuni juu ya Kenya, jinsi Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, ilivyobeba jina la mganga mashuhuri wa Waluo, na jinsi wapinzani wao wa AFC Leopards walivyozaliwa wakiitwa Abaluhya, hadi serikali ilipokataza timu kubeba majina ya makabila. Nikajiambia: basi, kumbe ndivyo ilivyo kila mahali, mtu hurithi timu pamoja na lugha ya mama. Directeur wangu alipenda sana. Alisema nimegundua kitu. Zile fishi 41 za kweli hazikusema hivyo hata kidogo. Zilikuwa zimevurugika kama mboga sokoni, mtu na mdogo wake kila mmoja na timu yake. Nilizihesabu kuwa ni makosa ya wahojiwa.

Katika vitabu vilevile kulikuwa na kurasa chache juu ya Marekani ambazo nilizinukuu bila kuzisoma vizuri. Huko vyuo vikuu vina timu za mpira wa Kimarekani zenye mashabiki wengi kuliko klabu nyingi za Afrika, na chuo cha Notre Dame, kilichoko jimbo la Indiana, katika miaka ya 1920 kilikuwa na wapenzi wengi New York, mbali kabisa na chuo. Walikuwa Wakatoliki, watoto wa wahamiaji kutoka Ireland, Italia na Poland, wengi wao hawajawahi kuliona darasa la chuo chochote. Walipanda treni ya chini ya ardhi kwenda kuishangilia timu inapokuja mjini kwao, na wakaitwa wahitimu wa treni hiyo. Ningesoma ukurasa ule nikiwa macho, ningejiuliza: treni ya Nyamitaba ni ipi? Nani alipita huko, akaacha nini? Mazembe wenyewe walianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges, na jirani yao Lupopo wakatoka kwa watu wa reli. Njia ya padri na njia ya reli zilikuwa mbele ya macho yangu. Mimi nilikuwa nimeshapata jedwali.

Siku ya kutetea kazi, jury waliniuliza swali moja la maana, nalo lilihusu jinsi ya kupanga bibliografia. Wakanipa distinction. Mama alichinja kuku wawili.

Kama ingeishia hapo, ningekuwa mwongo wa kawaida tu, na graduat za uongo si chache. Lakini mwaka 2014, baada ya waasi wa M23 wa wakati ule kushindwa mwishoni mwa 2013, pesa za amani zilimiminika Masisi, na shirika moja likataka kuandaa mashindano ya soka ya vijana huko Nyamitaba. Mtu wao alikuwa ameiona TFC yangu. Akaniita, akanisifu, akanipa dola 150 na kofia. Walitaka kuwachanganya vijana wa makabila kwa njia ya mpira, lakini kwanza, alisema, ni lazima tujue nani ni wa wapi. Nikafungua ukurasa wa 43, jedwali la 6. Ningeweza kusema hapo. Tulikuwa wawili tu ofisini, na mlango umefungwa.

Wakanunua majezi yanayofanana na ya klabu zenyewe, wakayagawa mtaa kwa mtaa kwa kufuata jedwali langu, ili kila kundi lijisikie nyumbani na baadaye ndipo wachanganywe. Sehemu ya kuwachanganya haikufika.

Asubuhi ya kwanza kijana mmoja wa miaka kama 16 alipewa jezi, akaitazama, akairudisha mezani.

"Mimi niko wa Mazembe," alisema.

Yule wa shirika aliangalia karatasi. "Kwenu hapa imeandikwa si Mazembe."

"Nani aliandika?"

Hakuna aliyenielekezea kidole. Mimi nilikuwa nimesimama kando, na kofia yangu kichwani, nikijifanya nahesabu mipira. Kijana akavaa jezi aliyopewa kwa sababu alitaka kucheza. Alikuwa anajua mpira, mguu wa kushoto.

Siku ya pili watazamaji walianza kusimama upande wa timu waliyopewa. Siku ya tatu hakuna aliyeziita timu kwa majina ya klabu tena. Zilikuwa zinaitwa kwa majina ya makabila, wazi wazi, na watoto wadogo ndio waliopiga kelele zaidi. Mama aliyekuwa akiuza mandazi katikati, pale penye kivuli, alihamisha sufuria yake. Nilimwona anahama. Mechi ya nusu fainali ilisimamishwa dakika za mwisho kwa sababu ya penalti ambayo mahali pengine ingeleta matusi tu. Hakuna aliyeumizwa, na kwa hilo nashukuru. Wazazi walikuja kuchukua watoto wao kimya kimya, na fainali haikuchezwa. Lakini miezi kadhaa baadaye nilisikia kwamba kuvaa jezi nyeusi na nyeupe ya Mazembe kwenda sokoni lilikuwa jambo la kutolewa maelezo. Nilikuwa nimeandika uongo. Watu wakaufanya ukweli kwa siku tatu.

Jioni ile ya siku ya tatu mzee mmoja, katekista wa zamani, aliniita nyumbani kwake. Hakunikaripia. Alinipa kipande cha jibini na kikombe cha maziwa, akaniuliza kama najua kwa nini mtelemko ule mzima, kuanzia kwake hadi kwenye chemchemi, ni Mazembe watupu, Wahunde na Wahutu na kila mtu.

Nikasema sijui. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema hivyo tangu nianze kazi hiyo.

"Kwa sababu ya redio yangu, mwanangu."

Aliinunua akiwa kijana, akaiweka dirishani. Waliokuja kuteka maji walisikiliza. Mwaka 1967, timu ikiwa bado inaitwa Englebert, walisikiliza habari za fainali ya Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana: sare ya moja kwa moja kule Kumasi, mbili kwa mbili Kinshasa, kisha mechi ya kuamua ambayo Kotoko hawakutokea. "Wakatupa kombe bila kucheza," mzee alisema, na akacheka hadi akakohoa. Mwaka uliofuata walilichukua tena, safari hiyo kwa mguu. Mwaka 1974 redio ileile ilileta aibu ya timu ya taifa kule Ujerumani, mabao tisa ya Yugoslavia, na watu wakateka maji wakaondoka bila kuaga. Na Desemba 2010, Mazembe walipoitoa Internacional ya Brazil na kufika fainali ya klabu za dunia na Inter Milan, wajukuu wa wale wateka maji walikuwa wamejaa uani, wakifanya kama golikipa Kidiaba, kurukaruka kwa makalio kwenye nyasi. Walifungwa tatu bila. "Hakuna aliyehama," alisema.

Na Virunga? Akanyoosha mkono kuelekea kilima cha pili. Kule ni watu wa jibini na viazi. Wanashuka na Fuso hadi Goma, na wakikosa gari la kurudi wanalala, Jumapili wanaingia Stade de l'Unité. Mtu ni wa Virunga au wa Kabasha kufuatana na mteja anayemnunulia jibini. Na V.Club? Mwalimu mmoja aliyefundisha darasa la sita kwa miaka mingi. Wanafunzi wake utawajua. Kabila, alisema, lipo, hawezi kunidanganya, ameliona likifanya mambo ambayo hatayasimulia usiku. "Lakini kwenye mpira lilikuwa halijafika. Lilikuja na majezi."

Nilitaka kumwambia kuhusu zile fishi 79. Nilikuwa na jibini mdomoni. Nikalimeza, nikamshukuru, nikaondoka. Kwangu hilo ni kosa la pili, na naliona kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nililifanya nikiwa mjinga.

Mzee aliniambia pia, nikiwa mlangoni, kwamba nyumba yake imo katika orodha ya kapita, na kwamba hakumbuki kunipokea mwaka 2011. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kusahau.

Mwishoni mwa Januari 2023 M23, waliokuwa wamerudi, waliingia Kitchanga, na watu wa vilima vile wakashuka kwa miguu hadi kando ya Goma. Nilikwenda kambi ya Bulengo wiki chache baadaye kupeleka blanketi kwa jamaa zangu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 19 Februari. Kati ya vibanda vya turubai kulikuwa na kundi la vijana wameinamia simu moja iliyowekwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ikuzwe. Yanga walikuwa wanacheza na Mazembe kule Dar es Salaam, Kombe la Shirikisho, na matangazo yalikuwa ya Kiswahili cha Tanzania, kile chenye maneno yanayokimbia. Yanga walishinda tatu kwa moja. Nusu ya kundi waliruka.

Kushangilia timu ya kigeni dhidi ya Mazembe! Nikamuuliza aliyeruka juu zaidi. Alikuwa mtu mzima sasa, na ndevu, lakini nilimjua mara moja kwa jinsi alivyosimama akitanguliza mguu wa kushoto.

"Mimi niko wa Mayele," alisema. Fiston Mayele, Mkongomani mwenzetu aliyetoka V.Club kwenda Yanga mwaka 2021.

"Tangu lini?"

"Tangu ninunue hii simu."

Hapo ndipo nilipoungama. Sikupanga. Nilimwambia yote, tumesimama, watu wakipita na madumu: chumba cha Kitchanga, kalamu tatu, jedwali, jezi aliyoirudisha mezani. Alinisikiliza bila kunikatiza. Sauti ya mtangazaji iliendelea kutoka kwenye sufuria. Alipoona nimemaliza, hakuuliza kwa nini, wala hakuniita mwongo. Aliniambia jina lake ni Bahati, na baba yake, ambaye alikuwa mkuu wa nyumba mwaka ule na ambaye hakuiona safari hii ya kushuka, naye aliitwa Bahati.

"Baba ulimuweka nusu gani?"

Sikukumbuka.