Cheti Hakinunui Jina

Kijana mmoja wa hapa Songea, anayeuza kahawa ya Mbinga kupitia tovuti yake, alinionyesha barua pepe: mtu asiyemfahamu anataka kununua jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti hiyo, kwa maelfu ya dola, ila kwanza yeye muuzaji alipie cheti cha uthamini. Nilimshauri asilipe.

Kiwanja cha Msamala kikithaminiwa, yupo wa kuwajibika: Sheria ya mwaka 2016 inamtaka mthamini asajiliwe na bodi. Anayethamini majina ya intaneti hana bodi. Mara nyingi ni programu inayolinganisha mauzo yaliyopita, na makadirio ya aina hiyo hupatikana hata bure. Mwaka 2019 jina voice.com liliuzwa dola milioni 30 kwa kuwa alikuwapo mwenye kulihitaji.

Mnunuzi wa kweli hugharimia uthamini wake mwenyewe. Anayekushurutisha ulipe, tena kwa wakala aliyemchagua yeye, anauza cheti, hanunui jina.

Tunawahimiza vijana wajiajiri mtandaoni. Basi tuwafundishe pia kwamba bei huzaliwa na makubaliano, na kwamba fedha hiyo ni heri ilipie ada ya mwaka ya kikoa chenyewe.