Mjukuu Wangu na Mboga

Dzaleka, Desemba

Mwanangu,

Unaniambia mtoto akiona mboga anafunga mdomo, akiona mandazi anaufungua. Nikuulize kwanza: saa nne anapewa nini? Tumbo la mtoto wa miaka mitatu ni dogo. Chai ya sukari, biskuti, na soda baba yake akirudi. Ugali utaingia wapi? Huyo hajachagua chakula, ameshiba. Anza hapo. Na chai iwe mbali na mlo, maana inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage.

Huku kambini watoto wanakula sinia moja. Mdogo anamtazama mkubwa akichovya tonge kwenye sombe, yale majani ya muhogo, naye anachovya. Wewe unamlisha peke yake mbele ya simu, unambembeleza na kijiko mpaka analia. Keti naye, mle chungu kimoja. Mwekee lengalenga, yaani mchicha, kidogo tu, usiseme neno. Akikataa, ondoa bila ugomvi, wala usimkaangie chipsi. Keshokutwa weka tena. Wapo watoto wanaohitaji kuonja mara 10, hata 15, ndipo wazoee, na mama wengi tunakata tamaa mapema mno.

Mama mkwe wako akufundishe kutia nsinjiro. Unga ule wa karanga unapunguza uchungu wa majani, na mafuta yake yanasaidia mwili kupokea vitamini A. Karanga zenye ukungu tupa, sumu yake haifi kwa moto. Karanga nzima usimpe kamwe, zinapalia. Usipa mkavu, wale samaki wadogo wa ziwani, ukaange bila mafuta, utwange mpaka uwe unga, unyunyize kwenye uji wake. Maembe nayo ndiyo msimu wake, sokoni Lizulu yamejaa.

Nakusisitizia kwa sababu hapa mgao wa chakula umepunguzwa, na wapo mama ninaowajua wasio na cha kukataliwa.

Lakini nguo zikimlegea, au akipoteza hamu ya kucheza, usingoje barua yangu. Mpeleke kliniki wampime mkono kwa ule utepe wa rangi. Ukionyesha njano au nyekundu, huko si kudeka tena.

Shule zikifungwa mlete akae nami. Lakini ujue, kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000, sasa tumepita 50,000, pa kulima hakuna. Lengalenga nimeipanda kwenye magunia mlangoni. Atachuma mwenyewe, atakula na wenzake.

Shangazi yako