Darajani: Shayiri ni jina moja, nafaka ni mbili

UNGUJA. Idi inapokaribia, Soko la Darajani hufurika. Kuzunguka jengo lake kuu la mwaka 1904, wanawake hupishana na vikapu vya samli, sukari na hiliki. Kila nyumba, Mji Mkongwe hadi Ng'ambo, inataka sahani ya biskuti kwa watoto watakaopita kutoa mkono wa Idi.

Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa seliaki, sahani hiyo ni mtihani. Akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na jamaa zake, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mdogo. Chakula hakinyonywi ipasavyo. Anaweza kuharisha mara kwa mara, tumbo kujaa, damu kupungua, hata kudumaa. Dawa ya kuuponya haipo. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, sikukuu ikiwamo.

Ndiyo maana mzazi wake huulizia oti, ile nafaka ya vipande bapa inayopikwa uji wa asubuhi. Oti si ngano, na wengi wenye seliaki huila bila kudhurika ikiwa safi. Kikwazo cha kwanza ni jina. Watu wengi huita oti shayiri, na jina hilohilo ni la nafaka nyingine iliyo jamaa wa ngano. Ukisema, "Ami, nipimie shayiri nusu kilo," muuzaji hajakosea akikupa zile punje nene za supu na uji. Hizo zina gluteni. Taja unachotaka, kisha kitazame kwa macho.

Kikwazo cha pili ni kopo la kupimia. Likitoka kwenye gunia la unga wa ngano na kuingia kwenye oti, usalama umekwisha. Hata kabla ya kufika sokoni, oti huchanganyika na ngano shambani, kwenye magari na viwandani. Iliyo salama ni ya pakiti iliyofungwa, yenye maandishi "gluten free". Kipimo cha kimataifa cha maneno hayo ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo.

Pakiti hizo ni ghali na hazipatikani kila duka. Hapo Unguja ina jibu lake la siku nyingi: vileja, biskuti za unga wa mchele, samli, sukari na hiliki. Ngano haimo. Ila jihadhari na mashine ya kusaga, kwani huenda aliyekutangulia alisaga ngano. Nunua mchele, uchague, uoshe, uanike, kisha utwange au uusage nyumbani. Chekeche nalo liwe halijapitisha ngano.

Aliyepata oti salama anaweza kuichanganya na unga huo. Kwa biskuti kama 20:

- oti vikombe 2
- unga wa mchele nusu kikombe
- samli iliyoyeyushwa nusu kikombe
- sukari nusu kikombe
- yai 1
- hiliki iliyotwangwa kijiko 1 cha chai

Changanya, acha dakika 20 ili oti inywe unyevu. Fanya viduara, vibonyeze kidogo, oka kwa nyuzi 180 dakika 12 hadi 15. Kwa jiko la mkaa, weka makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, ukichungulia mara kwa mara. Kingo zikigeuka rangi, epua. Usizishike zikiwa moto, zitavunjika: gluteni ndiyo hushikanisha biskuti za ngano, na hapa kazi hiyo inafanywa na yai.

Mzazi anayehisi mwanawe ana seliaki asikimbilie kumwachisha ngano. Ampeleke kwanza kupimwa damu, kwa sababu mtoto aliyeacha ngano anaweza kuonekana hana ugonjwa ilhali anao. Aliyekwisha kuthibitishwa aanze oti kwa ushauri wa daktari, maana wachache hudhurika hata na iliyo safi.

Na siku ya kuoka, oka za nyumba nzima. Vileja havibagui mlaji, na mtoto hatahitaji sahani ya peke yake.