Herufi P Katika Namba ya Binti Yetu

Mama mwenzangu, huenda nawe unaye nyumbani binti aliyekatisha shule, ambaye hufungua daftari usiku baada ya kuosha vyombo, huku majirani wakisema anajisumbua bure. Njia ya kutoka nyumbani hadi chuoni ipo. Sisi tumeipita tukiwa hapa hapa Iramba, mkoani Singida.

Binti yetu aliacha Kidato cha Kwanza mwaka 2018 kwa sababu ya ujauzito. Kanuni za wakati ule hazikumruhusu kurudi darasani. Serikali ilipoufungua mlango huo Novemba 2021, alikuwa tayari ni mama, naye aliona haya kukaa dawati moja na watoto aliowazidi umri. Mimi na baba yake tukakubaliana asome nyumbani.

Kusoma nyumbani kunahitaji ratiba. Mchana alipura alizeti pamoja nasi. Kuanzia saa kumi jioni mjukuu alikuwa wangu, na mama yake alikuwa wa vitabu. Mwalimu mmoja mstaafu alimfundisha hisabati, nasi tulimshukuru kwa kuku. Mada tulizifuata katika muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania, ule ule uliotumika shuleni.

Hata hivyo, chuo hakipokei ushuhuda wa mama. Kinataka cheti. Mtoto ambaye hakufaulu mtihani wa Kidato cha Pili hana budi kufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao wengi huuita QT, unaotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Akifaulu ndipo anaweza kujiandikisha Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani hiyo hufanyika Novemba, lakini usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka. Kwa hiyo ada itengwe mapema. Sisi tulitenga fedha ya magunia mawili ya vitunguu, wala hatukuigusa hata sukari ilipokwisha. Binti alifaulu QT mwaka 2022, na Kidato cha Nne akafanya mwaka 2024.

Kuhusu masomo, mama Mkristo, hapa tega sikio. Kwa ngazi ya astashahada vyuo vingi hutaka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, nayo yasiwe ya dini. Binti yetu alilipenda somo la Biblia, na ndilo lililompa alama ya juu kuliko yote. Lilimjenga na kumtia nguvu, lakini katika hesabu ya chuo halikuingia. Tulikuwa tumelijua hilo tangu mwanzo, naye akafaulu mengine matano. Kama binti yako anataka uuguzi, atahitaji Baiolojia, Kemia na Fizikia. Kemia haisomeki jikoni. Mtafutie mapema kituo chenye maabara.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa ni herufi moja. Fomu ya chuo huuliza namba ya mtihani. Namba za waliosoma shuleni huanza na herufi S, na za watahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Alikaa na fomu ile siku tatu bila kuijaza.

"Mama, wakiona hii P watajua habari zangu zote," aliniambia.

Nikamjibu, "P inawaambia kwamba ulijitegemea, mwanangu. Mengine ni yako na Mungu wako. Cheti chako kimetolewa na Baraza lile lile lililowapa wenzako."

Baba yake, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimletea kalamu.

Mwaka 2025 alipokelewa Taasisi ya Uhasibu Tanzania, tawi la Singida, kusomea astashahada ya uhasibu. Mjukuu anakaa nasi, na mwisho wa wiki mama yake hupanda basi kuja kumwona.

Akina mama, tusiwafiche mabinti zetu kwa sababu ya yaliyopita. Muulize binti yako leo amefika wapi katika masomo yake, na mwaka ukianza nenda naye mwenyewe kwenye kituo cha usajili. Akiona mama yake anatembea kando yake bila aibu, naye atainua kichwa. Mungu awabariki katika malezi yenu.