Mashimo ya Hyrax Hill na Suala la Msimulizi
Nilipowapeleka wanafunzi wangu wa fasihi simulizi katika makumbusho ya Hyrax Hill, Nakuru, mmoja wao alitamani miwani ya kompyuta ambayo ingesimamisha nyumba za kale juu ya mashimo halisi ya Wasirikwa. Nilivutiwa, kisha nikasita. Mary Leakey, aliyechimbua hapo mwaka 1937 na 1938, aliyadhania kuwa makazi ya watu, baadaye J.E.G. Sutton akayafasiri kuwa mazizi ya ng'ombe. Miwani hiyo ingalikuwapo mwaka 1938, tungaliona watu wamelala zizini, nasi tungaliyasadiki macho yetu. Fanani akikosea, hadhira humkatiza. Taswira hii, je, tumkatize nani? Miwani na ije, ila tufsiri zote mbili zionekane, na kila moja itamke jina la mwenyewe.