Nilivyoacha Kusifu Gigahezi

Nilikuwa mtu wa gigahezi. Mteja akiniuliza kompyuta ipi ni nzuri, nilitazama namba moja kwenye boksi, na iliyo kubwa ndiyo ilishinda. Leo siamui hivyo tena. Nimebadilishwa na faili moja la maandishi, lile linaloieleza kerneli ya Linux prosesa iliyo chini yake ina uwezo gani.

Prosesa ninayoizungumzia ni RK3399 ya Rockchip, yenye viini sita: vinne vidogo vya Cortex-A53 na viwili vikubwa vya Cortex-A72. Nilikabidhiwa ubao wake niugeuze seva ya maktaba ya shule ambayo haijafikiwa na umeme wa gridi. Wanafunzi wanasoma Wikipedia bila intaneti kupitia Kiwix, na kila kitu kinategemea paneli za sola na betri. Betri ilikuwa ikiisha kabla ya muda wa kujisomea usiku kwisha, na kila mtu, nami nikiwemo, aliwaza kununua betri kubwa zaidi.

Kabla hatujachangisha fedha nikafungua lile faili la maandishi, liitwalo mti wa vifaa. Mbao nyingi za ARM kama huu haziwezi kuijulisha kerneli zenyewe zina nini ndani, kwa hiyo mtu huandika: kumbukumbu inaanzia wapi, pini ipi ni ya nini, prosesa inaruhusiwa kwenda kwa masafa gani. Kila ngazi ya masafa ina mistari yake. opp-hz inataja mizunguko kwa sekunde. opp-microvolt inataja volteji ambayo masafa hayo yanaidai, kwa sehemu za milioni za volti. Zikiandikwa namba tatu, ya kwanza ndiyo inayolengwa, kisha ya chini kabisa, kisha ya juu kabisa. Mfumo wa zamani wa kuandika ngazi hizi ulikuwa na jozi tu za kilohezi na volteji. Huu wa sasa uliingia mwaka 2015, na Viresh Kumar wa Linaro ndiye aliyeusukuma. Napenda kumtaja, kwa sababu kazi za namna hii hazipigiwi makofi.

Nikazisoma namba za viini vikubwa. Kwenye megahezi 1200 jedwali linadai volti 0.95. Kwenye 1800 linadai 1.2. Nguvu inayoliwa na saketi zinapobadili hali huenda sambamba na masafa, lakini kwa volteji huenda kwa kipeo cha pili. Piga hesabu: kasi inapanda mara moja na nusu, nguvu inapanda karibu mara 2.4. Hata hatua ya mwisho peke yake, kutoka 1608 hadi 1800, inaongeza kasi kwa asilimia 12 na nguvu kwa asilimia 33. Ile namba kubwa ya kwenye boksi ndiyo ngazi ya bei mbaya kuliko zote, na siku ile niliiona bei yake kwa macho yangu.

Chini ya jedwali kuna jambo la pili. Megahezi 408, 600 na 816 zote zinatumia volti 0.825. Anayeibana prosesa mpaka 408 hapunguzi volteji hata kidogo. Kazi inachelewa, na ubao mzima unabaki macho ukiisubiri. Heri imalize kwenye 816 kisha ilale.

Basi nikaondoa ngazi za juu za viini vikubwa, nikabakiza mwisho 1200, nikakusanya faili upya na kuwasha. Kuna faili la mfumo ambalo lingeweka kikomo hicho bila kugusa jedwali, lakini thamani yake hupotea ubao ukizimwa, na pale shuleni umeme wa betri ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Kurasa zinafunguka vizuri tu. Betri ni ile ile na inawafikisha wanafunzi mwisho wa kipindi chao.

Volteji zenyewe sikuzigusa, na hapa nasema kwa msisitizo kwa sababu vijana wengi hushawishika. Kufuta ngazi ni salama. Kushusha volteji chini ya iliyoandikwa ni kucheza na data za watu: chipu mbili za kiwanda kimoja hazifanani, na yenye njaa ya umeme si lazima igande. Inaweza kukosea hesabu kimyakimya na kuandika uchafu kwenye diski. Kerneli yenyewe inaheshimu jambo hili. Inapopandisha kasi hutangulia kuongeza volteji ndipo iongeze masafa. Inaposhusha hufanya kinyume chake, ili kwa hata sehemu ndogo ya sekunde prosesa isikimbie bila umeme wa kuitosha.

Sasa mteja akija na swali lile lile, namuuliza kwanza mashine yake itakula umeme wa wapi na itafanya kazi gani saa nyingi za siku. Hili linahusu simu pia: zile za Android tunazobeba zinaendeshwa na kerneli ya Linux, na leseni ya kerneli hiyo inamtaka anayeisambaza atoe msimbo wake wa chanzo. Nataka mafundi wa simu wa Kariakoo wazoee kuudai msimbo huo na kuusoma. Mteja anayelalamika kuwa simu inachemka ana haki ya kupata jibu lenye namba.